Mnyoo Hufukuzwa, Lakini Nani Afunge Mlango?

Kuna kosa moja tulilolitenda darasani mwetu. Twalieleza hapa bila kujificha, kwa kuwa huenda walimu na wazazi wengine wanalitenda hata leo pasipo kujua.

Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mtoto wa miaka tisa. Tumbo lake lilikuwa kubwa, mikono yake myembamba kama vijiti. Kila siku, ifikapo saa nne ya asubuhi, usingizi ulimshika. Tukimwuliza hesabu, alitutazama kama mtu aitwaye kutoka mbali. Sisi tukamhesabu miongoni mwa wavivu. Mara ya kwanza tukamwonya. Mara ya pili tukamsimamisha mbele ya wenzake. Mara ya tatu tukampa adhabu: wenzake walipokuwa wakicheza mpira, yeye ang'oe majani kwa mikono nyuma ya darasa. Akang'oa bila kusema neno, kisha akaketi chini, ameshika tumbo.

Jioni ile mama yake akaja kwetu. Hakuja kwa ugomvi. Akasalimu kwa heshima, akasema: "Mwalimu, mtoto wangu si mvivu. Usiku halali, tumbo lamsokota. Jana ametapika nyoka ya tumbo." Akatuonyesha kwa mkono wake: urefu wa shibiri nzima.

Tukaona haya. Kesho yake tukafuatana nao hadi kituo cha afya. Mwuguzi akatoa kidonge kimoja tu, mtoto akakitafuna mbele yetu. Katika siku tatu zilizofuata mama alihesabu minyoo 31. Baada ya majuma machache mtoto yule alikuwa akiinua mkono kabla swali halijaisha. Tukafurahi, tukadhani jambo limekwisha. Lakini mwezi wa saba tangu kumeza kidonge kile, saa nne ya asubuhi, tulimwona tena amelaza kichwa juu ya dawati.

Ndipo tulipojiuliza: Je, dawa ilikuwa mbovu? Au mwuguzi alikosea? Au kuna jambo ambalo dawa yenyewe haiwezi kulitenda? Tumesoma, tumeuliza wajuzi, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MGENI ASIYESHIKA JEMBE

Wazee husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnyoo tunayemsema hapa ni mgeni akaaye tumboni mwaka mmoja, pengine miwili, na jembe hashiki. Waganga humwita askarisi. Ni mviringo na mnene kama penseli, rangi yake nyeupe yenye wekundu kidogo, naye amechongoka ncha zote mbili. Jike huweza kufika urefu wa sentimeta 35. Dume ni mfupi kidogo na mkia wake umejikunja. Mwaka 1683 mganga Mwingereza Edward Tyson alimpasua, akaeleza viungo vyake, akaonyesha kwamba wako madume na majike, tena kwamba mnyoo huyu si yule nyungunyungu wa shambani.

Jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Ninyi wanafunzi mwaweza kufanya hesabu hiyo ubaoni: mtoto mwenye majike 10 hutoa mayai 2,000,000 kila siku. Mayai hayo hayaanguliwi tumboni, bali hutoka pamoja na kinyesi. Yakianguka penye udongo wenye joto, unyevu na kivuli, hukaa majuma mawili hadi manne, na ndani ya kila yai kinyoo kichanga hukomaa. Kabla ya kukomaa hivyo yai halimdhuru mtu. Likisha komaa, hungojea tu mkono wa mtoto, jani la mboga, maji ya kunywa au embe lililoanguka chini. Ganda lake ni gumu sana, hata laweza kuvumilia udongoni miaka kadhaa. Maadui zake ni maji yanayochemka, ukavu, na jua kali.

Yai lililokomaa likimezwa, huanguliwa katika utumbo mwembamba. Zamani waganga wengi walidhani kwamba kinyoo hukaa papo hapo na kukua. Sivyo. Mwaka 1916 mganga Mwingereza Francis Stewart, akichunguza panya, aliwakuta vinyoo vichanga mahali wasipotazamiwa: ndani ya mapafu. Watu wakauliza: Je, na kwa mwanadamu ni vivyo hivyo? Aliyejibu alikuwa mganga wa watoto wa Japani, Shimesu Koino. Mwaka 1922 alitangaza jaribio alilolifanya kwa mwili wake mwenyewe. Alimeza mayai 2,000 ya mnyoo huyu. Siku chache zikapita, akashikwa na homa na kikohozi kikali. Alipoyatazama makohozi yake kwa hadubini, akawaona vinyoo wale wakisogea.

Basi njia yao ikajulikana. Hutoboa ukuta wa utumbo, huingia katika damu, hupita katika ini na moyo, hufika mapafuni, hukaa huko siku 10 hadi 14. Kisha hupanda kwa njia ya pumzi mpaka kooni, mtu huwameza tena bila kujua, nao hurudi tumboni kwa mara ya pili. Hapo ndipo wanapokua. Tangu yai kumezwa hata jike kuanza kutaga hupita miezi miwili hadi mitatu. Kwa hiyo mtoto aweza kukohoa majuma mazima, nasi tukafikiri ni baridi ya asubuhi, kumbe ni minyoo walioko safarini.

Minyoo wachache huenda wasionyeshe dalili yoyote. Wakiwa wengi, hula pamoja na mtoto katika sahani moja: humnyang'anya chakula, hupunguza nguvu na ukuaji wake. Wakisokotana huziba utumbo, na hapo mtoto aweza kufa.

JINSI DAWA ZILIVYOTAFUTWA

Kumtia mnyoo sumu si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumtia mnyoo sumu bila kumtia sumu mtoto anayemchukua. Ndiyo sababu utafiti huu umechukua miaka mingi.

Katika karne ya 19 waganga wa Ulaya walitumia santonini, dawa iliyotolewa katika maua ya mmea wa Asia wa jamii ya pakanga. Minyoo walitoka, lakini mgonjwa aliyezidishiwa kipimo aliona vitu vyote kuwa rangi ya manjano, na wengine walipatwa na mishtuko ya mwili. Baadaye yakaja mafuta ya kenopodi, yaliyotokana na mmea wa Amerika. Yalifukuza minyoo vizuri, lakini kipimo kiponyacho kilikuwa karibu mno na kipimo kiuacho, na wako waliokufa kwa dawa, si kwa ugonjwa.

Mlango mpya ulifunguliwa Ufaransa. Kulikuwa na dawa iitwayo piperazini, iliyotumiwa tangu karne ya 19 kwa ugonjwa wa jongo bila faida kubwa. Mwuza dawa mmoja wa mji wa Rouen, jina lake Boismare, aliitumia kwa minyoo, na mwaka 1949 Fayard akaiandika habari hiyo katika kitabu chake cha kuhitimu masomo. Piperazini haimwui askarisi, bali humlegeza. Mnyoo huyu hana kucha wala meno ya kushikia ukuta wa utumbo. Hukaa mahali pake kwa kuogelea daima kinyume cha mkondo, kama samaki mtoni. Akilegea, mkondo humchukua, naye hutoka akiwa hai. Kwa watoto dawa hiyo ilikuwa na usalama kuliko zote zilizotangulia.

Toka hapo habari yetu yahamia Ubelgiji, nayo inagusana kidogo na nchi yetu. Mwaka 1933 mganga Constant Janssen wa mji wa Turnhout alipata haki ya kuuza dawa za kiwanda cha Richter cha Hungaria katika Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Mwanawe Paul Janssen hakutaka kuuza dawa za wengine tu. Mwaka 1953 alianzisha maabara yake mwenyewe, na kazi yake ikakua katika kijiji cha Beerse. Humo ndimo ilimotoka tetramisoli mwaka 1966, na mwaka 1971 mebendazoli. Katika miaka ile ile ya 1970 watafiti wa Marekani wakapata dawa ndugu yake, albendazoli.

Dawa hizi mbili hutenda kazi kwa njia ya ajabu. Ndani ya kila chembe ya mwili wa mnyoo kuna nyuzi ndogo sana, ambazo kwazo chembe huchukua chakula chake. Dawa hushika kiini cha nyuzi hizo, zisiweze kujengwa tena. Mnyoo hukaa katikati ya chakula chetu asiweze kuinyonya sukari iliyomzunguka. Hufa njaa penye karamu. Chembe za mwanadamu hazishikwi sana na dawa hiyo, na sehemu kubwa yake hubaki tumboni isiingie katika damu.

Hapo kwanza mebendazoli ilitolewa mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Siku hizi katika shule hutolewa kidonge kimoja tu: mebendazoli ya miligramu 500 au albendazoli ya miligramu 400. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Basel, Uswisi, Jennifer Keiser na Jürg Utzinger, walikusanya hesabu za majaribio mengi. Waliona kwamba kidonge kimoja cha albendazoli kiliwaponya askarisi watu 88 katika 100, na cha mebendazoli watu 95 katika 100. Basi mwuguzi wetu hakukosea, wala dawa yake haikuwa mbovu.

MTOTO WA JEONJU

Kama dawa ni nzuri hivi, mbona mnyoo hurudi? Jibu tulilikuta mbali, katika nchi ya Korea ya Kusini, nalo laanza kwa msiba.

Mwezi wa Oktoba 1963, katika mji wa Jeonju, msichana wa miaka tisa alipelekwa hospitali ya wamisionari Wapresbiteri. Tumbo lilimwuma mno, na utumbo ulikuwa umeziba. Mganga Paul Crane akampasua. Ndani yake alikuta minyoo wa askarisi, akawatoa na kuwahesabu: walikuwa 1,063. Mtoto hakupona. Alikuwa na umri ule ule wa mwanafunzi wetu. Tulipoisoma habari hiyo, tuliweka kitabu chini kwa muda.

Korea ya siku zile ilikuwa imetoka vitani, watu wake maskini. Wakulima walitia kinyesi cha watu katika bustani kuwa mbolea, kisha mboga zile zililiwa mbichi au zilichachushwa kwa chumvi. Hivyo yai lilitoka tumboni, likaenda bustanini, likarudi mezani. Wengi waliuona mnyoo kuwa jambo la kawaida, kama vile kwetu wengine husema: "Mtoto gani asiye na nyoka ya tumbo?"

Kifo cha msichana yule kiliwaondolea watu usingizi. Mwaka 1964 kikaundwa chama cha kupambana na minyoo. Mwaka 1966 ikatungwa sheria. Kuanzia mwaka 1969 mpaka 1995 wanafunzi wa nchi nzima walipimwa kinyesi mara mbili kila mwaka, na aliyeonekana na mayai alipewa dawa: siku za kwanza dawa za zamani, baadaye zile mpya. Walimu ndio waliokusanya vifuko vya kinyesi. Kazi isiyo na harufu nzuri, lakini ni kazi ya ualimu.

Matokeo yake? Mwaka 1971 nchi nzima ilipopimwa, watu 54.9 katika 100 walikuwa na mayai ya askarisi. Mwaka 1992 walikuwa 0.3 katika 100. Lakini tuangalie vizuri: katika miaka hiyo hiyo Wakorea walijenga vyoo, walipata maji safi ya bomba, na waliacha mbolea ya kinyesi wakatumia mbolea ya viwandani. Kidonge kilimtoa mnyoo tumboni. Choo kilimzuia asirudi. Vyote viwili vilikwenda pamoja kwa muda wa miaka 26 bila kuchoka.

HESABU YA KURUDI

Sasa tutazame mahali palipotolewa dawa tu, pasipobadilishwa kitu kingine. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha habari za nchi nyingi, wakatoa wastani huu kwa mnyoo wa askarisi. Mahali ambapo kabla ya dawa palikuwa na wagonjwa 100, miezi 3 baada ya dawa wamekwisha kuwa 26. Baada ya miezi 6 ni 68. Baada ya mwaka mmoja ni 94, yaani karibu wote.

Tuliposoma hesabu hizo tulimkumbuka mwanafunzi wetu na mwezi wake wa saba. Hakuna la kushangaza. Kidonge huua minyoo walio ndani ya tumbo siku ile. Hakiwezi kuyafikia mayai yaliyo udongoni, wala hakibaki mwilini kuwa mlinzi. Juma lifuatalo mtoto akitia mkono mchafu mdomoni, mwendo huanza upya.

Kuna hatari nyingine. Dawa moja ikitumiwa kwa watu wengi miaka mingi, minyoo wanaoivumilia ndio wanaobaki na kuzaa. Jambo hili lilitokea kwa mifugo: dawa ya kwanza ya jamii hii, thiabendazoli, ilianza kutumiwa mwaka 1961, na mwaka 1964 kukaonekana minyoo wa kondoo wasioiogopa tena. Karibu na kwetu, nchini Rwanda, watafiti walitoa habari mwaka 2017 kwamba katika shule kadhaa albendazoli ilipunguza mayai ya askarisi chini ya kiasi kilichotazamiwa. Hawakuona katika minyoo hao yale mabadiliko yanayojulikana kuleta ukaidi wa dawa. Hata hivyo habari hiyo ni kengele, na kengele ikilia mtu mwenye akili hutega sikio.

Wajuzi wenyewe hubishana juu ya faida ya kuwapa watoto wote dawa bila kuwapima. Huko Busia, Kenya, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 kuanzia mwaka 1998. Mwaka 2004 waliandika kwamba dawa ilipunguza utoro wa wanafunzi kwa robo. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, waliokusanya majaribio mengi, waliandika kwamba kwa wastani hawakuona faida kubwa katika uzito, damu au masomo ya watoto wote pamoja. Hata hivyo wao hawakusema kwamba mtoto aliyejaa minyoo aachwe. Wastani wa shule nzima ni jambo moja, na mtoto mmoja aliyelaza kichwa juu ya dawati ni jambo jingine.

Utafiti haujasimama. Kisiwani Pemba watoto na vijana wameshiriki katika majaribio ya dawa mpya, hasa kwa sababu kidonge kimoja cha albendazoli au mebendazoli hakimshindi vizuri mnyoo mwingine, yule mwembamba wa umbo la mjeledi. Katika Ethiopia, Kenya na Msumbiji imejaribiwa dawa iliyounganisha albendazoli na ivermektini katika kidonge kimoja, na mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya likatoa kauli ya kuikubali. Ivermektini watu wengi wa Kongo wanaijua, maana ndiyo inayogawiwa vijijini kwa ugonjwa wa upofu wa mtoni. Asili yake ni kiumbe kidogo kilichotoka katika udongo wa Japani, alichokiokota Satoshi Ōmura. Naye pamoja na William Campbell walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Udongo huo huo unaotuletea yai la mnyoo umetuletea na dawa yake.

MLANGO ULIKUWA WAPI?

Tulipokwisha kusoma hayo, tulikwenda kumtembelea mwanafunzi wetu nyumbani. Tulitaka kuuona mlango ambao mnyoo aliupitia. Baba yake alitupokea vizuri, akatupa kiti. Choo cha shimo kilikuwapo, lakini mvua ilikuwa imekibomoa. Wadogo walikwenda migombani nyuma ya jiko, na hatua chache kutoka hapo mama alikuwa akichuma lengalenga. Hatukuwa na haja ya kusema mengi. Baba alitazama migomba, akatutazama sisi, akasema: "Mwalimu, nimeelewa."

Tulirudi shuleni tukiwa na moyo mwepesi, kama watu waliokwisha pata kosa la mwingine. Ndipo tulipopita nyuma ya darasa letu.

Choo cha shule kilikuwa kimejaa tangu muhula uliotangulia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuogopa shimo, walijisaidia kwenye majani nyuma ya ukuta. Maji ya kunawa hayakuwapo. Na mahali pale penye majani ndipo tulipompeleka mtoto yule ang'oe kwa mikono yake, kisha akarudi darasani bila kunawa. Hatuwezi kujua ni yai gani liliingia kwa njia gani. Lakini tulimwadhibu mtoto kwa ugonjwa wake, tena tulimwadhibu mahali ambapo ugonjwa wenyewe huchimbuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa ule ulikuwa wetu.

Basi tukaanza papo. Wazazi walichimba shimo jipya la shule, mita tatu kwenda chini, kwa Jumamosi nne. Tuliweka ndoo yenye bomba karibu na mlango wa choo na nyingine karibu na darasa, pamoja na sabuni. Siku sabuni ikikosekana, majivu safi. Kwa wadogo tulitengeneza tundu jembamba lisilowatisha. Adhabu ya kung'oa majani kwa mikono tuliifuta kabisa. Naye baba wa mwanafunzi wetu alijenga choo chake upya, safari hii akatia mawe pembeni.

Kwa wazazi twataka kuacha maneno machache ya kushika:

Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni kama cha mtu mzima. Wengi hudhani hakina madhara, na hapo hukosea. Mikono inawiwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula, na kucha zikatwe. Mboga zioshwe na kupikwa. Matunda yaoshwe kwa maji safi au kumenywa. Kinyesi kibichi cha watu kisitiwe bustanini.

Siku ya kugawa dawa shuleni, msiwafiche watoto. Shirika la Afya Duniani lashauri dawa itolewe mara moja kwa mwaka mahali ambapo watoto wenye minyoo ni 20 katika 100 au zaidi, na mara mbili kwa mwaka wakifika 50 katika 100. Mtoto mdogo asilazimishwe kumeza kidonge kizima, asije akapaliwa. Kipondwe na kuchanganywa na maji. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, na mama mwenye mimba changa ya miezi mitatu ya kwanza asimeze dawa hii bila kumwuliza mwuguzi. Tena mtoto akiumwa tumbo sana, akitapika, na choo kikafunga, msimpe dawa ya kuharisha wala msingoje kesho. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Mkumbukeni msichana wa Jeonju.

Nanyi walimu wenzetu, kabla ya kumwita mtoto mvivu, mtazameni tumbo lake. Kisha zungukeni nyuma ya darasa lenu.

Mwanafunzi wetu alipewa kidonge cha pili, na mwaka huu yuko mwaka wa tano. Hatuwezi kuahidi kwamba hatapatwa tena, maana mayai yaliyokwisha mwagika udongoni hukaa miaka. Lakini miezi kumi na minne imepita, na saa nne ya asubuhi macho yake yako wazi. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kama tulivyomwaibisha mbele yao. Kisha tukamwuliza kazi gani angependa kupewa shuleni. Akachagua ndoo. Kila asubuhi, kabla ya kengele, yeye ndiye anayekwenda kisimani kuijaza, na mwanafunzi akitoka chooni bila kunawa, humwita kwa jina.